Anwani ya Kenyenya: Historia Iliyomo katika Majina ya Mahali ya Gusii

1. Utangulizi

Katika uchunguzi wa majina ya mahali, swali linaloulizwa mara nyingi ni hili: jina fulani lina maana gani? Swali hilo ni halali, lakini peke yake halitoshi. Aghalabu anayeulizwa hujibu kwa kusimulia kisa: palikuwa na mti, palikuwa na mzee mashuhuri, au Mzungu aliuliza jambo akajibiwa jingine. Visa vya namna hiyo vina nafasi yake katika fasihi simulizi, na si haki kuvidharau. Hata hivyo, kisa hubadilika kwa msimulizi, ilhali umbo la jina huhifadhi alama za lugha iliyoliunda na za lugha zilizolipokea baadaye. Kwa hiyo maswali mawili zaidi hayana budi kuulizwa: jina limeundwa kwa sarufi ya nani, na nani hulitumia anaposema na nani?

Makala haya yanakusudia kuyajibu maswali hayo kwa kuchukua anwani moja tu. Kenyenya ni mji mdogo katika nchi ya Wagusii, magharibi ya Kenya. Tangu uchaguzi wa 2013 umo katika jimbo la Bomachoge Borabu, kaunti ya Kisii. Na kwa miaka kadhaa kabla ya kaunti kuundwa, sehemu hiyo ilikuwa katika wilaya ya Gucha. Hivyo mkazi wa Kenyenya amepata kujieleza kwa majina manne: Kenyenya, Bomachoge Borabu, Gucha na Kisii. Itaonyeshwa hapa kwamba majina hayo hayakutoka katika mkono mmoja, na kwamba kadiri anwani inavyopanda kutoka kijijini kwenda makao ya serikali, ndivyo sarufi ya wenyeji inavyopungua ndani yake.

2. Kenyenya: kiambishi ke- na Kanuni ya Dahl

Ekegusii, lugha ambayo Guthrie aliiweka katika kundi la E.42, ina ngeli inayolingana na ngeli ya ki-/vi- ya Kiswahili. Kiambishi chake cha umoja kina sura mbili, eke- na ege-. Sura hizo hazichaguliwi kiholela. Shina likianza kwa sauti ghuna, kiambishi huwa eke-, kama katika ekerandi, yaani kibuyu. Likianza kwa konsonanti isiyo ghuna, kiambishi huwa ege-. Hata maneno ya mkopo hutii utaratibu huu: kitabu cha Kiswahili kimekuwa egetabu, na kikombe kimekuwa egekombe. Huu ndio mfano wa kanuni ambayo Carl Meinhof aliipa jina la mmisionari Edmund Dahl, aliyeichunguza katika Kinyamwezi. Kanuni hiyo inajulikana pia katika Kikuyu, na ndiyo sababu wenyeji husema Gatundu kwa ga-, lakini Kabete kwa ka-.

Katika majina ya mahali ya Gusii, vokali ya mwanzo hudondoka, kikabaki ke- au ge-. Ramani ya nchi hiyo inatosha kuwa ushahidi. Upande mmoja kuna Keroka, Keumbu, Kebirigo, Kegogi, Kemera na Kenyerere. Upande wa pili kuna Getare, Gesusu, Gesima, Gesonso na Gekano. Katika kundi la kwanza kiambishi kinafuatwa na r, b, g, nazali au vokali. Katika la pili kinafuatwa na t, s au k. Kenyenya ni jina la kundi la kwanza, kwa kuwa shina lake linaanza kwa nazali. Limetamkwa na kuundwa kama Ekegusii kinavyotaka, na hakuna karani aliyeligusa.

Huenda msomaji akataja majina kama Kiamokama na Kiabonyoru, yanayoonekana kuanza kwa ki- badala ya ke-. Hayo hayavunji kanuni. Ndani yake mna kiunganishi kia, kinacholingana na cha cha Kiswahili, ambapo kiambishi kimekutana na vokali -a. Jina la namna hiyo ni kifungu kizima kilichogandishwa kikawa neno moja. Jambo la kukumbuka ni kwamba ki- ya Ekegusii hutokea mbele ya vokali. Ki- inayosimama mbele ya s au t ni mgeni, na mgeni huyo atakutwa tena hapa chini.

3. Bomachoge: nchi ya watu

Kenyenya imo ndani ya Bomachoge. Jina hili ni la aina nyingine kabisa. Kiambishi bo- ni ndugu wa u- ya Kiswahili inayosikika katika Uganda na Unyamwezi. Katika Ekegusii kiambishi hicho huunda majina ya sifa, na pia huunda majina ya nchi kutokana na majina ya watu. Abamachoge ni watu, Bomachoge ni nchi yao. Vivyo hivyo Ababasi na Bobasi, Abanchari na Bonchari, Abagetutu na Bogetutu. Philip Mayer, katika utafiti wake wa 1949 kuhusu nasaba katika jamii ya Wagusii, alieleza jinsi mahusiano ya watu na ardhi yalivyofuata ukoo. Bo- basi si mapambo. Ni kauli fupi inayosema ardhi hii ni ya akina nani.

Serikali ya kikoloni ilipoigawa nchi hiyo katika lokesheni na kuweka machifu, ilitumia majina hayohayo, lakini kwa maumbo mengine: Kitutu, Nyaribari, Wanjare, Majoge, Bassi, na Mugirango mbili, ya Kaskazini na ya Kusini. Yakilinganishwa na ya wenyeji, tofauti zake zinaonyesha utaratibu fulani. Bomachoge na Bobasi yalipoteza kiambishi chake, yakabaki mashina matupu, Majoge na Bassi. Bonchari iligeuka Wanjare, ambapo silabi ya kwanza inafanana na kiambishi cha watu cha Kiswahili; jina la nchi likavishwa vazi la wakazi wake. Mugirango lilibaki na kiambishi cha mtu mmoja, kana kwamba nchi nzima ni mtu. Bogetutu nayo iliondolewa bo-, kisha ge- iliyobaki ikageuzwa kuwa ki- ya Kiswahili, likapatikana Kitutu.

Katika maumbo hayo yote kiambishi kimoja hakionekani, nacho ni bo-. Si lazima kudhani kwamba paliwapo njama. Afisa alisikia kwa sikio la Kiingereza, mara nyingi kupitia askari na wakalimani waliotumia Kiswahili, naye alihitaji neno fupi la kuandika katika daftari la kodi. Lakini matokeo yake ni kwamba kauli ya kumiliki iliondolewa katika jina wakati uleule mamlaka juu ya ardhi yalipokuwa yakihamia kwa dola.

Wakati wa uhuru majimbo ya uchaguzi yaliyarithi maumbo ya kikoloni, na Bunge la Kenya likawa na mbunge wa Majoge-Bassi. Mwishoni mwa miaka ya 1980, majina Bomachoge, Bobasi na Bonchari yalikwisha kurejea katika orodha ya majimbo. Marejeo hayo yanastahili kuangaliwa na wanaisimu, maana hapakuongezwa neno jipya. Kilichorudishwa ni kiambishi tu. Hata hivyo urejesho haukukamilika. Kitutu limebaki Kitutu katika majina ya majimbo hadi leo, na umbo Majoge bado limo katika jina la wadi moja ya Bomachoge Chache.

4. Borabu, Chache na Gucha

Mgawanyo wa majimbo uliotumika katika uchaguzi wa 2013 uliikata Bomachoge mara mbili: Bomachoge Borabu, ilimo Kenyenya, na Bomachoge Chache, ulimo mji wa Ogembo. Neno Borabu lina bo- ileile, lakini shina lake si jina la watu. Ni -rabu, lenye maana ya weupe. Hapa bo- inafanya kazi yake nyingine, ile ya kutaja hali. Jina hilo limepewa pia sehemu nyingine, katika kaunti ya Nyamira, na wasio wenyeji huzichanganya sehemu hizo mbili.

Chache nalo humpoteza msomaji wa Kiswahili. Anapokutana na Kitutu Chache, Nyaribari Chache au Bomachoge Chache, hukisia kwamba ni kivumishi -chache. Kisarufi dhana hiyo haiwezi kusimama. Chache hutumika kama jina la upande, nalo huenda kwa jozi: Kitutu Chache na Kitutu Masaba, Nyaribari Chache na Nyaribari Masaba, Bomachoge Chache na Bomachoge Borabu. Hakuna upande wa pili unaoitwa Kitutu Nyingi. Mfano huu unaonyesha hatari ya kusoma jina la lugha moja kwa kamusi ya lugha nyingine, hata kama lugha hizo ni ndugu.

Gucha ni jina la mto. Unatoka katika nyanda za juu za Gusii, na ukifika nchi ya Waluo, ukielekea Ziwa Viktoria, huitwa Kuja. Ramani nyingi zimelichukua jina hilo la pili. Hapa pia msemaji wa Kiswahili husikia kitenzi kisichokuwapo. Lakini ulinganifu wa Gucha na Kuja una thamani kubwa zaidi ya mzaha huo. Penye g pamekuwa k, na penye ch pamekuwa j. Badiliko la pili ndilo lililoonekana katika Majoge na Wanjare, na la kwanza ndilo lililoonekana katika Kitutu. G ya Ekegusii, ikiwa haikutanguliwa na nazali, hutamkwa bila kuziba mkondo wa hewa, nayo inakaribia gh kuliko g ya Kiswahili. Sikio la mgeni lisilo na sauti hiyo hulazimika kuchagua sauti ya jirani, na mara nyingi limechagua k.

5. Kisii, Getembe na Bosongo

Sasa yafaa kupanda hadi kilele cha anwani. Wenyeji wanajiita Abagusii, mmoja wao ni Omogusii, na lugha yao ni Ekegusii. Yote hayo yana shina -gusii, linalohusishwa na babu yao Mogusii. Jina Kisii halimo katika mfululizo huo. Kama lingekuwa neno la ngeli ya eke-, Kanuni ya Dahl ingedai liwe Gesii, maana s si ghuna. Hata kitabu, kilichotoka mbali, kilitii kikawa egetabu, Kisii haikutii. Umbo lake linaonyesha kwamba halikuundwa katika kinywa cha Mgusii. Kwa upande mwingine, mabadiliko ya g kuwa k, pamoja na mazoea ya Kiswahili ya kuona ki- mwanzoni mwa majina, yanaliweka karibu na Kitutu na Kuja. Yumkini ni jina lilelile la Gusii lililopita katika masikio na midomo ya wageni.

Kiswahili kilipolipokea jina hilo kiliichukulia ki- kuwa sehemu ya shina, kikaunda Mkisii na Wakisii kwa watu, na Kikisii kwa lugha. Jambo kama hilo limetokea kwa jirani wa mashariki. Gikuyu limekuwa Kikuyu, kisha wakapatikana Mkikuyu na Wakikuyu, wenye kiambishi juu ya kiambishi. Nchi ya Buganda nayo iliipa koloni nzima jina lake kwa umbo la Kiswahili, Uganda. Hapana shaka kwamba katika Afrika Mashariki Kiswahili kilikuwa mlango ambao majina mengi yalipitia kabla ya kufika katika ramani za Waingereza.

Mji wenyewe ulianza kama boma la serikali mwaka 1907, miaka miwili baada ya msafara wa kijeshi wa 1905 dhidi ya Wagusii. Afisa wake wa kwanza, G. A. S. Northcote, alichomwa mkuki na Otenyo mwezi Januari 1908. Masimulizi ya Wagusii humtaja nabii wa kike Moraa kuwa ndiye aliyemchochea kijana huyo. Northcote alipona, na miaka mingi baadaye, kuanzia 1937, akawa gavana wa Hong Kong. Walioteseka ni wenyeji, waliopelekewa msafara wa pili wa adhabu mwaka huohuo wa 1908.

Katika daftari za serikali boma hilo liliitwa Kisii. Wenyeji waliliita Getembe, jina linalotii Kanuni ya Dahl kikamilifu, ge- mbele ya t. Lakini waliliita pia Bosongo. Jina hili la mwisho ndilo lenye mafunzo mengi zaidi. Shina lake ni -songo, lililomo katika omosongo na abasongo, yaani Mzungu na Wazungu. Ni neno la Kiswahili, mzungu, ambalo z yake imekuwa s, kama vile meza ilivyokuwa emesa. Kwa maana ya moja kwa moja, Bosongo ni mahali pa Wazungu, na linalingana na Uzunguni, jina lililotumika katika miji ya Tanganyika pamoja na Uhindini na Uswahilini.

Hata hivyo, ulinganifu huo una mpaka. Uzunguni limeundwa kwa -ni, kiambishi cha mahali tu. Bosongo limeundwa kwa bo-, kiambishi kilekile cha Bomachoge na Bobasi. Aliyelitamka kwanza aliwatia Wazungu katika sarufi ya koo: kama Abamachoge wana Bomachoge, Abasongo nao wana Bosongo. Jina hilo linakiri kwamba wageni wameshika mahali. Wakati huohuo linawawekea kipimo, maana ukoo wenye Bosongo hauna haki, kwa kiambishi hicho, ya kuwa na Bobasi pia. Wakati karani alipokuwa akiiondoa bo- katika majina ya nchi za wenyeji, wenyeji walikuwa wakiitumia kuupangia utawala wake mahali pake. Hivyo lugha mbili zilibadilishana maneno mbele ya boma moja: Kiswahili kilitoa mzungu kikapata Kisii, na Ekegusii kikampa mzungu makao.

Matumizi ya leo yanaonyesha kwamba majina hayo hayajauana. Katika Kiswahili na Kiingereza, katika hati za serikali na katika vituo vya magari nje ya Gusii, mji ni Kisii. Katika mazungumzo ya Ekegusii, Getembe na Bosongo yangali hai. Msemaji huyohuyo huenda kwa jina moja akarudi kwa jina jingine, kwa kutegemea anazungumza na nani. Wazungu wa boma walikwisha kuondoka, na Bosongo halihitaji tena kuwako kwao ili lieleweke. Umbo Gusii nalo limepata makao mjini katika majina kama Uwanja wa Gusii, ilhali chuo kikuu kilichopata hati yake mwaka 2013 kinaitwa cha Kisii.

6. Vitongoji vya mji

Anayeingia mjini hukuta tabaka jingine. Nje kidogo ya mji kuna Nyanchwa, Getare na Mosocho, majina ya Ekegusii. Lakini mitaa iliyokua pamoja na boma ina majina ya Kiswahili: Mwembe, Daraja Mbili, Jogoo, Milimani, na mmoja, Nubia, umehifadhi kumbukumbu ya Wanubi, jamii iliyotokana na askari wa Sudan waliotumikia jeshi la kikoloni.

Mwembe hufuata desturi ya pwani ya kuita mahali kwa mti, kama ilivyo Mwembe Tayari huko Mombasa na Mwembeladu huko Unguja. Daraja Mbili limewahi kuwakera walimu, kwa sababu Kiswahili sanifu kingetaka madaraja mawili. Kosa halipo. Jina hilo ni ushahidi wa Kiswahili cha bara, ambacho huingiza daraja katika ngeli ya i-/zi-. Kulisahihisha ni kuifuta hati ya historia ya lugha.

Milimani linahitaji uangalifu zaidi. Kwa kamusi maana yake ni wazi: mlima, wingi wake, na -ni ya mahali. Lakini mji wa Kisii umezungukwa na vilima pande zote, na kama maana ingekuwa ni vilima tu, karibu kila mtaa ungestahili kuitwa hivyo. Mtaa wenye jina hilo uko pia Nairobi, Kisumu na Nakuru, na kila mahali unajulikana kwa makazi ya maafisa na ya watu wenye nafasi. Milimani basi halitaji umbo la ardhi, linataja cheo. Linafanya kwa adabu kazi iliyofanywa waziwazi na Bosongo na Uzunguni, na pengine adabu hiyo ndiyo iliyolifanya lidumu baada ya uhuru, wakati Uzunguni lilipokuwa likiaibisha.

7. Hitimisho

Anwani ya Kenyenya imeonyesha tabaka nne. Kenyenya ni Ekegusii kitupu. Bomachoge ni Ekegusii kilichoporwa kiambishi kisha kikarudishiwa. Gucha ni Ekegusii chenye mshindani katika ramani. Kisii ni jina la nje ambalo Wagusii wenyewe wamelizoea, huku wakiendelea kuyatumia mengine mawili nyumbani.

Kwa watungaji wa kamusi, wachoraji wa ramani na walimu wa vyuo, mambo matatu yanafuata. Kwanza, katika maandishi ya Kiswahili ya kitaaluma, Wagusii na Kigusii, au Ekegusii, ni maumbo bora kuliko Wakisii na Kikisii, kwa kuwa yanahifadhi shina halisi; lakini Kisii kwa maana ya mji na kaunti ni jina halali, na kulifuta kungekuwa kuongeza uharibifu juu ya uharibifu. Pili, kila jina la mahali liandikwe pamoja na majina yake sambamba, na ielezwe ni katika lugha gani na katika mazingira gani kila moja hutumika. Tatu, kazi hiyo isicheleweshwe. Jina Kisii linalindwa na mihuri na vibao vya barabarani. Getembe na Bosongo yanalindwa na vinywa vya wasemaji pekee. Watoto wanaokulia Milimani na Daraja Mbili wakiacha kusema Ekegusii, majina hayo mawili hayatafutwa na serikali yoyote. Yatakosa tu mtu wa kuyatamka.